Nani atakuwa nyuma yako usiku? Kwa daktari kijana aliyeitwa kwenda kufanya kazi Sudan Kusini

Swali: Shikamoo Daktari. Mimi ni daktari wa kike mwenye umri wa miaka 28, mzaliwa wa Moshi. Nilimaliza mafunzo kwa vitendo mwaka jana, na tangu hapo najitolea katika hospitali moja ya Arusha huku nikisubiri ajira. Shirika moja la misaada limenipa mkataba wa miezi 12 katika hospitali ya wilaya huko Sudan Kusini, kuanzia Januari. Nimeshafanya upasuaji wa kumtoa mtoto mara 9, zote nikiwa na mkubwa wangu pembeni. Mama hataki hata kulisikia jambo hili. Je, niende? Na kama ni kwenda, nijiandae vipi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Katika barua yako kuna namba uliyoipitisha haraka haraka kama mtu anayetaja umri wake, nayo ni hiyo ya upasuaji mara 9 ukiwa na mkubwa wako pembeni. Jibu langu lote linaning'inia hapo. Zipo hospitali za Sudan Kusini ambazo ningemruhusu binti yangu mwenyewe aende kesho, na zipo nyingine, hata hapa nyumbani, ambazo ningemzuia kwa mikono yote miwili. Kinachozitenganisha ni mtu mmoja au wawili walio juu yako katika zamu, na hilo unaweza kulijua kabla hujaweka saini.

Mwaka 1994, nikiwa na umri unaokaribia wako, nilitoka Moshi kwenda kufanya kazi katika hospitali ya wilaya kusini mwa Malawi. Hakuna aliyeniuliza mikono yangu imewahi kufanya nini. Walitazama cheti, wakafurahi, wakanionyesha nyumba. Usiku mmoja wa wiki yangu ya pili aliletwa kwa mkokoteni mwanamke wa miaka ishirini na kitu, amepauka hadi viganja, tumbo limejaa, mapigo ya moyo 140 kwa dakika, na shinikizo la damu la juu halifiki 70. Ilikuwa mimba iliyotunga nje ya kizazi na mrija ulikwisha kupasuka. Hali hii nilikuwa nimeisoma, nimeifanyia mtihani na kuifaulu. Nilichokuwa sijakisoma ni kwamba benki ya damu ingekuwa friji moja, na ndani ya friji hiyo kungekuwa na chupa moja ya damu ya kundi lisilomfaa mgonjwa.

Aliyeniokoa alikuwa tabibu wa makamo asiye na shahada ya udaktari, ambaye asubuhi ile ile nilikuwa nimemsahihisha mbele ya wauguzi kwa jambo dogo la maandishi. Alimpa mgonjwa ketamini, dawa ya usingizi, akafungua tumbo, na kabla ya kufika kwenye mrija akaomba bakuli lililotakaswa na upawa. Alichota damu iliyojaa tumboni upawa kwa upawa, akaichuja kwa tabaka kadhaa za gozi, kile kitambaa cha kufungia vidonda, ikaingia kwenye mfuko wa damu wenye dawa ya kuzuia kuganda, na muuguzi akamrudishia mgonjwa damu yake mwenyewe kupitia mshipa wa mkono. Mimi nilishika kibano pale aliponiambia nishike. Njia hiyo ina masharti yake, kwa mfano haifai utumbo ukiwa umetoboka au damu ikiwa imekaa tumboni muda mrefu, na masharti hayo nayo alinifundisha huku akishona. Mwanamke yule alitoka wodini akitembea siku ya saba. Kama tabibu huyo angekuwa likizoni, mwanamke yule angekufa mbele yangu, na cheti changu kingebaki kikining'inia ukutani.

Kwa hiyo, kabla ya kumjibu mama yako, waandikie waajiri wako. Waulize daktari mwenye uzoefu zaidi yako aliyepo hospitalini hapo kwa sasa ni nani, ana utaalamu gani, na mkataba wake unaisha lini, kwa sababu mashirika mengi huwapokezana watu kila baada ya miezi michache, na unaweza kukuta mkubwa wako anafunga begi siku unayofungua lako. Waulize nani anatoa dawa ya usingizi saa nane za usiku. Swali hili la usingizi huwa nalipa uzito kuliko yote, maana daktari kijana anaweza kusaidiwa kwa simu kuhusu mshono, lakini mgonjwa aliyeacha kupumua hasubiri mtandao. Waulize damu inatoka wapi: je, kuna friji ya kuhifadhia, au ndugu wa mgonjwa huitwa, wakapimwa makundi na magonjwa, wakatoa papo hapo? Waulize oksijeni ni ya mitungi au ya mashine ya kuchuja hewa, na umeme ukikatika mashine hiyo huendeshwa na nini. Kisha waulize mgonjwa aliyewashinda hupelekwa wapi, kwa chombo gani, na je, mwezi wa Agosti chombo hicho hupita? Kule mvua hunyesha kwa miezi mingi, takriban kuanzia Aprili au Mei hadi Oktoba au Novemba, na barabara uliyoiona imara siku unafika Januari itakuwa ziwa utakapofika mwezi wa saba. Wakikujibu kwamba "timu yetu ni imara na inashirikiana vizuri", hawajakujibu. Andika tena, kwa adabu, ukitaka idadi na nafasi za kazi. Shirika linaloudhika kuulizwa nani anatoa usingizi limekwisha kukupa jibu lenyewe.

Ikiwa majibu ni mazuri, nenda. Ikiwa watakuambia kwamba wewe ndiwe utakuwa daktari pekee wa upasuaji, kataa nafasi hiyo na uombe nyingine ndani ya shirika hilo hilo, ukiwaeleza wazi kwamba umefanya upasuaji mara 9 na hujawahi kufanya hata mmoja peke yako. Wapo watakaokuambia kwamba daktari mwenye mara 9 ni bora kuliko kutokuwa na daktari kabisa. Nimeyasikia hayo mara nyingi, na kwa kawaida husemwa na mtu ambaye hatakuwepo chumbani.

Sasa muda uliobaki. Uko Arusha, unajitolea, na Januari bado haijafika, hivyo omba kwa mkuu wako wa idara uhamishiwe chumba cha kujifungulia na chumba cha upasuaji, hata kama ni kwa zamu za usiku ambazo wenzako hawazitaki. Ningependa namba hiyo ya 9 ifike 25 au 30, na tano za mwisho mkubwa wako awe amekaa kwenye kiti nje ya mlango. Pamoja na hilo jifunze ganzi ya uti wa mgongo hadi sindano ikutii, matumizi ya ketamini, kutoa kondo la nyuma kwa mkono, kumvuta mtoto kwa kifaa cha vakyumu, kuweka mpira wa kifuani, na kumpulizia pumzi mtoto mchanga kwa mfuko na barakoa ndani ya dakika ya kwanza. Kutokwa damu baada ya kujifungua kujue kwa mikono na kwa dawa. Oksitosini, dawa ya kukaza kizazi, inataka ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, na katika hospitali ambayo friji hulala na kuamka pamoja na jenereta unaweza kuchoma sindano ambayo haina nguvu tena, ukadhani kizazi ndicho kilichogoma kukaza. Ndiyo maana ujue misoprostoli, ambayo ni kidonge na haihitaji friji, asidi ya traneksamiki gramu 1 kwenye mshipa ndani ya saa 3 tangu mama ajifungue, na puto linalotengenezwa kwa kondomu na mpira wa mkojo.

Halafu keti maabara. Nasema hivi kwa sababu kizazi chenu kimelelewa na vipimo vya haraka, na wengi wenu hamjawahi kumtazama mdudu wa malaria kwenye darubini tangu mlipofanya mtihani. Mwombe mteknolojia akufundishe kupima makundi ya damu na kulinganisha damu ya mtoaji na ya mpokeaji. Utaifanya kazi hiyo kwa mikono yako siku ambayo yeye anaugua, na mteknolojia wa hospitali ya wilaya huugua malaria kama watu wengine.

Uzazi wa akina mama ndio utakaokuchosha zaidi, na inafaa ujue unatoka wapi na unakwenda wapi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba vifo vya uzazi hapa Tanzania vimeshuka hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 katika utafiti wa 2015/16. Sudan Kusini iko miongoni mwa nchi ambazo vifo hivyo ni vingi kuliko kwingineko duniani. Tofauti hiyo utaiona kwa macho: wanawake watafika siku ya tatu ya uchungu, wametembea au wamebebwa, mtoto amekwisha kufa, na kizazi kinakaribia kupasuka. Kifafa cha mimba ulichokiona Arusha mara mbili kwa mwezi kule unaweza kukiona mara mbili kwa wiki. Hakikisha kipimo cha dawa yake, magnesiamu salfeti, unakijua kichwani, maana karatasi ukutani huwa imeng'olewa.

Nilifanya kazi Sudan Kusini mwaka 2012 na miezi ya mwanzo ya 2013, nchi ikiwa bado changa, imejipatia uhuru tarehe 9 Julai 2011. Ugonjwa ulioniaibisha huko ni kala-azar, ambao daktari aliyesomea Moshi anaweza kustaafu bila kuuona. Huletwa na vimelea vinavyoenezwa na usubi, mdudu mdogo kuliko mbu, na mlipuko mkubwa ulikuwa umeyakumba majimbo ya Jonglei na Upper Nile katika miaka ile. Mgonjwa huja na homa ya zaidi ya wiki mbili, amekonda, bandama limevuka kitovu, damu imepungua. Nilimwona wa kwanza, nikamtibu malaria. Nikamwona wa pili, nikafikiria kifua kikuu. Mhudumu wa wodi, kijana asiye na cheti chochote, ndiye aliyenong'ona kwamba wote wawili wanatoka upande mmoja wa mto ambako watu wengi walikuwa na "tumbo lile". Kipo kipimo cha haraka cha tone la damu, na tiba iliyotumika kwa miaka mingi katika Afrika Mashariki ni sindano za dawa mbili kwa siku 17. Usipotibiwa, ugonjwa huu huua karibu kila anayeupata. Soma kuuhusu kabla hujapanda ndege, na usome pia malale ya upande wa Equatoria, kusini mwa nchi hiyo, ambayo ni aina tofauti na ile ya kwetu, hutambaa polepole kwa miezi na miaka. Homa ya ini aina E, ambayo imewahi kulipuka katika kambi za wakimbizi wa ndani, huua wajawazito kuliko wengine. Na kwa kuwa unafika kiangazi, ndio msimu wa homa ya uti wa mgongo katika ukanda ule.

Kuhusu watoto wenye utapiamlo mkali nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo bidii ya daktari kijana inapoua. Mtoto analetwa amelegea, baridi mikononi, macho yameingia ndani, na kila ulichofundishwa kuhusu dharura kinakuambia ummiminie maji. Malawi nilifanya hivyo kwa mtoto wa miaka miwili mwenye kwashakoo. Muuguzi wa zamu alinyoosha mkono, akakaza kidhibiti cha dripu hadi matone yakawa yanahesabika, akaendelea kukunja shuka bila kunitazama. Mtoto yule alipona. Wapo wengine ambao hawakuwa na muuguzi wa kunizuia. Moyo wa mtoto mwenye utapiamlo hauna nguvu ya kusukuma maji hayo. Na hata kwa watoto wenye homa kali wasio na utapiamlo, utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2011, uliofanyika Uganda, Kenya na hapa kwetu Muheza kwa watoto zaidi ya 3,000, ulionyesha kwamba waliomiminiwa maji kwa kasi walikufa wengi zaidi, karibu 10.5 kwa kila 100, dhidi ya 7.3 kwa wale ambao hawakumiminiwa. Kwa hiyo mtoto ambaye mzunguko wa mkono wake juu ya kiwiko haufiki milimita 115 mpe sukari, mpe joto, mpe antibiotiki, mpe maziwa maalumu ya F-75 kidogo kidogo kila baada ya saa 2 au 3 usiku na mchana, na madini ya chuma yasubiri hadi apate nafuu. Kazi hiyo haina ushujaa wowote wa kuonekana. Inahitaji mtu wa kuamka saa tisa za usiku kuhakikisha kikombe kimepita, na mara nyingi mtu huyo ni mama wa mtoto, ukimweleza vizuri.

Kumweleza kunahitaji lugha. Kiingereza ndicho lugha rasmi, Kiarabu cha Juba ndicho cha sokoni, na mgonjwa wako huenda akazungumza Kidinka au Kinuer tu. Kiswahili kitakusaidia kuliko unavyodhani, kwa sababu wengi walikulia ukimbizini Kenya na Uganda, na utashangaa mlinzi wa geti anapokusalimia kwa Kiswahili cha Kakuma, ile kambi ya wakimbizi ya Kenya. Lakini jihadhari: katika Kiarabu cha Juba neno "moyo" maana yake ni maji. Siku yangu ya kwanza wodini mama mmoja alimwonyesha mtoto wake akirudia "moyo, moyo", nami nikachukua kipimo cha masikio nikausikiliza moyo wa mtoto kwa dakika nzima, kumbe mtoto alikuwa na kiu. Jifunze maneno hamsini kabla ya mwezi wa kwanza kwisha, na unapomhoji mwanamke kuhusu uzazi wake usimtumie mumewe wala shemeji yake kuwa mkalimani.

Juu ya matabibu na wauguzi wa huko nilikwisha kusema kwa hadithi ya upawa. Wewe una shahada ya udaktari, wao wana miaka kumi na tano ya usiku kama ule. Hapa kwetu madaktari wasaidizi ndio waliobeba upasuaji wa dharura wa uzazi wilayani kwa miongo mingi, na wazee wetu wa KCMC, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1971, waliwafundisha wengi wao. Wiki mbili za kwanza usibadilishe chochote ambacho hakiui mgonjwa leo. Uliza kwa nini kinafanywa hivyo, na ukishaelewa sababu, ndipo upendekeze, tena faraghani.

Mwili wako nao una mahitaji, na hapa mtoto wa Moshi ana tatizo lake. Mkoa wa Kilimanjaro uko miongoni mwa mikoa yenye malaria kidogo kabisa nchini, chini ya asilimia 1 kwa watoto wanaopimwa katika tafiti za kitaifa, na wewe uliyekulia mlimani huna ile kinga aliyonayo mwenzako wa Geita au Kigoma. Unakumbuka jinsi watu wa mlimani walivyokuwa wakishuka Kahe kwa wiki moja na kurudi wakitetemeka. Kunywa dawa ya kinga kwa mwaka mzima: doksisaiklini miligramu 100 kila siku ni nafuu na inafaa, ukianza siku moja au mbili kabla ya safari na kuendelea wiki 4 baada ya kurudi, mradi usiwe mjamzito na ujikinge na jua. Usiwaige wenyeji watakaokucheka. Chanjo ya homa ya manjano, ikiwa ulichanjwa, cheti chake ni cha maisha yote kwa utaratibu ulioanza tarehe 11 Julai 2016. Chanjo ya homa ya ini aina B bila shaka ulipata ukiwa chuoni, lakini je, uliwahi kupima kama kinga imeshika? Kapime, kiwango kisipofika 10, rudia. Chukua pia ya uti wa mgongo ile ya aina nne, na ya kichaa cha mbwa, ambayo siku hizi ni dozi mbili kwa wiki moja. Waulize waajiri wako kama dawa za kujikinga na VVU baada ya kujichoma sindano zimo kabatini pale pale hospitalini, kwa sababu zinapaswa kuanza mara moja na zisipite saa 72, na ndege ya kuzileta inaweza isitue wiki nzima.

Karatasi si ngumu, ila ni za polepole. Hakikisha usajili wako wa kudumu na leseni ya mwaka katika Baraza la Madaktari Tanganyika viko sawa, kisha uombe cheti cha mwenendo mwema kipelekwe kwa baraza la huko. Sudan Kusini imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2016, lakini uanachama huo haukupi leseni ya kutibu, utasajiliwa upya. Katika mkataba tafuta mambo ambayo vijana huyaruka: bima inayolipia ndege ya kukuhamisha ukiugua, bima ya kulinda kazi yako ukishtakiwa, fedha ya malipo ni ipi, maana paundi ya huko imekuwa ikiporomoka kwa miaka, na nani mwenye mamlaka ya kusema leo hakuna kutoka. Mkopo wa Bodi ya Mikopo unaendelea kudai hata ukiwa Juba, hivyo panga namna ya kuulipa kabla hujaondoka. Mizigo iwe michache. Ndege ndogo za mashirika ya misaada mara nyingi hazikubali zaidi ya kilo 20, na katika hizo mimi ningeweka taa mbili za kichwani, kipimo cha oksijeni cha kidoleni na viatu vya mpira kabla ya nguo ya tatu. Kuhusu fedha nitasema moja tu: ukiwatajia ndugu kiasi cha mshahara kwa dola, kamati zote za harusi kutoka Marangu hadi Machame zitakuwa na jina lako kabla hujafika Nairobi.

Kuna jambo ambalo hukuliuliza ila nalisikia kati ya mistari, nalo ni kama unaikimbia nchi yako. Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha mwaka 2023 ya nchi 55 zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya, na Tanzania imo, pamoja na Sudan Kusini. Lakini upungufu wetu una kichekesho chake kichungu, kwa kuwa wagonjwa wapo, madaktari wapo, na nafasi za ajira hazipo. Mwaka 2017 serikali ilikubali kupeleka madaktari 500 Kenya. Mpango ulipokwama mahakamani huko, Rais Magufuli aliagiza wale 258 waliokuwa wamejitokeza waajiriwe hapa nyumbani. Wengine wengi waliendelea kusubiri. Daktari anayetibu kwa mwaka mmoja Jonglei hajaiibia Tanzania kitu ambacho Tanzania ilikuwa ikikitumia. Ukirudi, rudi na daftari lenye kila upasuaji uliofanya, tarehe, sababu, matokeo na saini ya aliyekusimamia, bila majina ya wagonjwa. Ukitaka kuendelea na upasuaji, makao ya Chuo cha Madaktari wa Upasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini yako hapo hapo Arusha unapokaa, na daftari hilo litazungumza kwa niaba yako.

Sasa mama yako. Hofu yake ni ya risasi, na hakosei. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilianza Desemba 2013, miezi michache baada ya mimi kuondoka, na ingawa mkataba wa amani ulisainiwa Septemba 2018, mapigano hayajakoma, wizi wa ng'ombe wenye bunduki hushamiri kiangazi, na wafanyakazi wa misaada wameuawa huko. Usimwambie kwamba ni salama. Mpe vitu anavyoweza kuvishika: jina la wilaya ili ailitafute kwenye ramani, namba ya simu ya ofisi ya shirika iliyo wazi usiku na mchana, nakala ya bima yenye jina lake kama mrithi, na siku ya wiki utakayompigia bila kukosa. Likizo yako iombe Desemba na iandikwe kwenye mkataba, maana mama wa Kichagga anaweza kuvumilia mengi katika mwaka, lakini si kiti kitupu siku ya Krismasi. Mpeleke pia KCMC akazungumze na mtu aliyetoka kule. Chuo cha magonjwa ya ngozi kilichopo pale tangu 1992 kimepokea wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika, na ukiuliza utaelekezwa kwa mwenzetu aliyewahi kufanya kazi katika hospitali kama hiyo unayoitiwa. Mama atamwamini yeye kuliko wewe na mimi.

Barua kwa shirika iandike wiki hii, ili wapate muda wa kukujibu na wewe upate muda wa kukataa. Majibu yakifika, niandikie. Nitataka kujua kwanza huyo mtu wa usingizi wa saa nane za usiku ni nani.